Kamba ya Kila Dakika Kumi

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa na rula ya chuma niliyoipenda kuliko watu wengi. Nasema hivyo bila kuona haya, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Rula ile haikuuliza maswali, haikununa, na kila ulipoilaza juu ya karatasi ilikupa mstari ulionyooka. Wasichana wenzangu walikuwa na mafuta ya midomo, wengine walikuwa na simu za kuficha ndani ya soksi. Mimi nilikuwa na rula, na daftari zima la kuchorea ratiba.

Ratiba zangu zilijulikana shuleni. Nilichora za juma, za mwezi, hata moja ya kuonyesha ni lini nitachora nyingine. Wenzangu walinicheka, nami niliwaacha wacheke kwa sababu kucheka hakukuwa kwenye ratiba. Nilikuwa mtu wa namna hiyo, na sijui kama nimeacha.

Tulikuwa na mwalimu wa ushauri, mama mmoja mpole ambaye hakuwahi kutufokea hata siku moja. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba siku ya mwanafunzi ina sehemu tatu: masomo, afya yake, na wasaa wake mwenyewe. Muhula wa pili ulipokaribia kufungwa alituagiza kila mmoja achore ratiba ya likizo ya Agosti, sehemu zote tatu zionekane. Kijana mmoja wa nyuma alichora kisanduku kimoja kikubwa akaandika ndani yake "Kulala", akaenda zake kucheza mpira. Mimi ilinichukua siku mbili.

Shida yangu ilikuwa shamba. Kwetu ni upande wa Kulesa, kando ya Mto Tana, na kwetu Agosti haijawahi kuwa likizo. Ni mwezi wa ndege. Wakati huo mpunga umetia maziwa, punje bado ni laini, na ndege wadogo wa rangi ya kahawia huja kwa mamia, wakatua, wakakamua punje moja moja na kukuachia maganda. Kwa hiyo tangu alfajiri hadi jua kuzama lazima mtu awe juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, akiwaamia. Anavuta kamba zilizofungwa makopo, anarusha madongo kwa teo, na zaidi ya yote anapiga kelele.

Sasa niambie, kazi hiyo ni masomo, ni afya au ni wasaa? Niliwaza sana. Mtu amekaa, si ndiyo? Juu kuna upepo, na kati ya kundi moja la ndege na jingine hana la kufanya ila kupiga soga. Nikakata kauli kwamba kuamia ndege ni mapumziko. Na kwa kuwa mapumziko yale yalikuwa marefu mno, saa kumi na mbili nzima, nikaona hakuna ubaya nikiyajaza hesabu.

Mwalimu alipoiona ratiba yangu alifurahi kweli. Akaiinua darasa zima liione. "Mwoneni mwenzenu," akasema. "Ana shamba, ana vitabu, na bado anapumzika. Hii ndiyo tunaita maisha ya kiasi." Akaibandika ukutani karibu na ubao, kwa gundi, ibaki hapo mpaka tutakaporudi. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa nimevimba kichwa.

Nyumbani nilimkuta mama ameinua mguu juu ya kiti. Alikuwa amekanyaga kisiki ndani ya tope la shamba, kikaingia mpaka ndani, na kule zahanati Garsen walimsafisha kidonda wakampa dawa na amri moja: asiingie majini wala kwenye matope mwezi mzima. Baba alikuwa akifanya kazi upande wa Nanighi na alirudi mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo shamba likawa langu. Hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikutarajia kuulizwa.

"Ule wa kula uangalie," mama aliniambia, "lakini ile pembe ya mbegu uilinde kama macho yako. Wanisikia?"

Nilimsikia. Pembe ya mbegu ilikuwa kipande kidogo upande wa mtoni, karibu na matete, ambako mama alipanda mpunga tuliouita wa bibi. Punje zake ni fupi na nyekundu kidogo, na ukipikwa jirani anajua bila kuambiwa. Bibi aliuleta alipoolewa, mama akaurithi. Mwaka uliotangulia mto ulikuwa umefurika ukaingia majumbani, na maghala ya watu yakaoza. Nyumba nyingi zilizokuwa na mbegu ile ziliikosa. Yetu ilisalia kwa sababu mama aliitundika juu ya meko ndani ya kibuyu, na hata kibuyu hicho alikitoa maji yakiwa yamemfika kiunoni. Akaipanda yote. Hakubakisha akiba, kwa kuwa ilikuwa kidogo. Kwa hiyo mpunga wa bibi, kwa kadiri tulivyojua sisi, wote ulikuwa umesimama pale kwenye ile pembe.

Shamba lililopakana na letu lilikuwa la nyumba ya rafiki yangu, msichana wa darasa langu. Dungu lake na langu yaliangaliana, umbali wa kusikilizana mtu akipaza sauti. Tangu tukiwa wadogo Agosti yetu ilikuwa kukaa juu ya madungu hayo na kurushiana maneno kutwa. Ndege wakiruka kwangu wakaelekea kwake, nilimpigia ukelele.

"We jirani! Ndege wako hao, hawana adabu kama mwenyewe!"

"Wamefundishwa kwenu!" alijibu. "Hapa walikuja na vyeti!"

Halafu ni habari za nani kaonekana na nani sokoni Garsen, nani kaimba vibaya kanisani, nani kachumbiwa na amekataa. Zilipokwisha habari za kweli tulibuni. Tuligombana, tukatukanana kwa utani, tukaimba nyimbo nusu nusu. Jioni sauti zetu zilikuwa zimekauka. Watu wazima walipita njiani wakitikisa vichwa, eti watoto wa siku hizi wana maneno mengi, ingawa nasikia wao walifanya vivyo hivyo.

Mwaka huo nilimwambia mwenzangu kwamba mchezo umekwisha. Shule ingefunguliwa kwa mtihani, na mtihani huo ndio ungeamua nani abaki kwenye darasa la mbele la hesabu. Yeye na mimi sote tulikuwa tukiponea mle kwa kucha. "Tukiendelea na kelele zetu," nikamwambia, "tutarudishwa nyuma wote wawili, tukauze mahindi ya kuchoma stendi."

"Na ndege je?" akauliza.

Hapo nikatoa daftari. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Yeye alikuwa na kabambe ya kakake, simu ndogo ya tochi iliyokuwa na kengele. Mimi nilikuwa na saa ya zamani ya baba. Tungevuta kamba kila dakika kumi, sote kwa wakati mmoja, ili asiwepo wa kumkatizia mwenziwe katikati ya swali. Makopo yakilia, ndege wataruka. Wakisharuka, tunarudi kwenye vitabu. Kati ya kamba na kamba, hakuna kusema neno.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alinitazama kama mtu anayetaka kucheka halafu akakumbuka hesabu zake. "Haya basi," akasema. "Wewe ndiye bingwa wa ratiba."

Tukaanza Jumatatu. Nilifunga kamba kuu kwenye kidole gumba cha mguu ili mikono ibaki na kitabu, na hilo niliona ni ubunifu mkubwa. Kabambe ikilia kule kwake, mimi natupa mguu, makopo yanalia shamba zima, na ndege wanaruka. Waliruka kweli. Walipanda kama vumbi la ng'ombe, wakazunguka, wakaenda kwenye matete. Niliandika kwenye daftari: kamba ya kwanza, wameruka. Kamba ya pili, wameruka. Nilikuwa na safu ya saa na safu ya matokeo. Kufika jioni nilikuwa nimemaliza zoezi zima la vekta, nikashuka nikijiona mtu wa maana.

Usiku huo wakati wa kula mama aliuliza, "Leo mlikuwa wapi? Sikuwasikia."

"Tulikuwa shambani. Tunasoma."

"Mnasoma mkiwa juu?"

"Tunasoma mkono mmoja, tunaamia mkono mmoja. Tumepanga."

Mama aligeuza mguu wake kwenye kiti. "Basi someni," akasema.

Siku ya tatu, Jumatano, nilisikia akiniita kutoka nyumbani. Nyumba yetu iko juu ya ukingo na sauti hufika vizuri. Aliniita kwa jina mara tatu. Nilikuwa katikati ya swali lililonisumbua tangu asubuhi, nilikuwa karibu kabisa kulipata, na sauti ile ilinikata kama uzi. Nikapandwa na hasira. Nilisimama juu ya dungu nikapiga kelele kwa mara ya kwanza juma lile, nayo haikuwa ya ndege.

"Mama, si mniache nisome! Nikifeli mtasema nini?"

Nikakaa. Mwenzangu kwenye dungu lake alikuwa ameinua uso, akanitazama muda, kisha akauinamisha tena. Swali lenyewe sikulipata mpaka kesho yake.

Mama hakuniita tena. Niliona ni ushindi. Nilifikiri nimemfundisha kuheshimu ratiba.

Siku zikaenda. Ningependa kusema kwamba nilijua jambo haliendi sawa, lakini sikujua. Nilichojua ni kwamba shingo ilikuwa inauma, macho yalikuwa yanawasha, na nilipolala niliendelea kusikia kengele ya kabambe. Chakula kilinishinda. Mwenzangu naye alianza kuwa mkavu. Tulishuka jioni tukatembea pamoja hadi njia panda bila kusema kitu, kama watu waliokosana, na tulikuwa hatujakosana. Jioni moja aliniambia, "Unajua sijacheka tangu Jumatatu ile?" Nikamwambia atacheka matokeo yakitoka. Nilimpenda sana yule msichana, na hilo ndilo jibu nililompa.

Jumapili hatukusoma asubuhi kwa sababu ya kanisa. Tulipokezana na majirani wengine, kwa kuwa ndege hawaendi ibadani. Aliyeshika zamu kwenye dungu langu alikuwa shangazi mmoja wa nyumba ya tatu, mwanamke wa kelele. Nilipomkuta mchana alikuwa anatukana ndege, wazazi wao na wakwe zao. "Wamezoea hawa," akaniambia akishuka. "Wana kiburi. Unawalisha?" Nikacheka kwa adabu. Niliona ni maneno ya watu wazima, wanaodhani kazi haifanyiki mpaka mtu atokwe jasho na sauti.

Juma la pili nilipovuta kamba, ndege walioruka walikuwa wachache. Mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, na daftari ninalo hadi leo, niliandika: wanapungua. Siku iliyofuata: wamepungua zaidi. Siku ya kumi na moja nilipiga mstari chini yake kwa rula na kuandika: njia inafaa.

Wasomaji wa kwetu wameshaelewa. Kwa wengine nitaeleza. Ndege akiwa ndani ya mpunga humwoni. Anashika bua, anajificha chini ya masuke, anakula taratibu. Unamwona anaporuka tu. Ndege wangu walikuwa wamejifunza kwamba kelele zinakuja mara moja, zinakwisha, halafu kuna amani ndefu. Mwanzoni walikimbilia kwenye matete wakangoja. Baadaye waliona matete ni mbali bure, wakawa wananyanyuka kidogo na kutua papo hapo. Mwishowe hawakujisumbua hata kunyanyuka. Na kwa kuwa kwangu na kwa mwenzangu makopo yalilia kwa dakika ile ile, hapakuwa hata na wa kufukuzwa huku akakutana na kelele za kule.

Kosa jingine ni la aibu zaidi, kwa maana nimezaliwa ndani ya mpunga. Suke lililojaa huinama, lisilo na kitu husimama wima. Hilo analijua mtoto wa chekechea. Mimi niliinua macho kutoka kwenye kitabu, nikaona shamba lote limeanza kuinama ila pembe ya mbegu, ambayo ilikuwa imesimama vizuri, imenyooka kama imechorwa. Nikaipenda. Nikasema moyoni, angalia mpunga wa bibi ulivyo na nguvu.

Jumamosi ya mwisho mama alikuja. Alikuwa amefunga mfuko wa nailoni juu ya bandeji na kushika fimbo, amekaidi amri ya zahanati kwa siku sita zilizosalia. Alipita chini ya dungu bila kuniangalia, akafuata tuta hadi kwenye pembe ya mbegu. Nilimwona akishika suke moja kwa vidole viwili, akalikamua. Akashika la pili. Kisha akaacha kushika, akabaki amesimama tu akitazama mtoni.

Nilishuka. Nilipofika sikuhitaji kuambiwa. Chini maganda yalikuwa yametapakaa kama pumba kwenye kinu. Nilivuta masuke, moja, kumi, ishirini, yote yalikuwa mepesi. Nikachuchumaa.

"Nilijua," mama akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mliponyamaza. Shamba likinyamaza, ndege wanakula. Mimi nimekaa pale juu na mguu wangu nasikia kila kitu. Mkipiga kelele zenu za upuzi nalala usingizi. Mliponyamaza sikulala."

"Sasa mbona hukuniita!"

"Nilikuita."

Nikaokota ganda moja, nikalifikicha.

"Nilikuita Jumatano," akasema, "nawe ukanijibu. Nikasema, haya, mtoto anasoma, mwache asome. Nikafikiri wataanza na ule wa kula. Ule wa kula si kitu, tungenunua unga. Sikufikiri wataanza na huu." Akapangusa uso kwa ncha ya leso. "Ni mtamu, ndiyo maana."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza, na kwa muda mrefu nilimkasirikia kwa kutonigombeza, jambo ambalo halina maana lakini lilikuwepo.

Siku tatu zilizofuata mimi na mwenzangu tulipita ndani ya pembe ile bua kwa bua. Alikuja bila kuitwa. Kwao pia mpunga uliliwa, ingawa si wa mbegu. Tulitafuta machipukizi yaliyochelewa, masuke mafupi ya chini ambayo ndege hawakuyaona. Tuliyafunika kwa chandarua kikuukuu tukakishikiza kwa vijiti. Na tulizungumza muda wote, tena kwa sauti kubwa, matusi ya kawaida, ingawa siku ya kwanza yalitoka kwa shida, kama mtu anayejifunza kutembea baada ya homa. Mpunga ulipokomaa tulipata kikombe kimoja cha chai, na hakikujaa. Mama alikimimina ndani ya kibuyu akakitundika juu ya meko.

Shule ilifunguliwa. Mtihani nilifaulu, tena vizuri, na mwenzangu pia. Tulibaki darasa la mbele. Ratiba yangu ilikuwa bado ukutani, imepauka kidogo. Mwalimu wa ushauri aliniomba nisimame mbele ya kidato cha kwanza niwaeleze jinsi nilivyoweza kuyapatanisha masomo, shamba na mapumziko. Nilisimama. Nilitaka kuwaambia, lakini nilipofungua mdomo nilisema mambo ya kulala mapema na kunywa maji. Wakapiga makofi. Baada ya hapo nilimwomba mwalimu aiondoe ile karatasi, naye akadhani ni unyenyekevu akaisifia tena. Niliibandua mwenyewe siku ya Ijumaa wenzangu wakiwa uwanjani. Gundi ilikuwa imeshika, ikatoka na rangi ya ukuta.

Mwaka uliofuata nilikuwa kidato cha nne, na kile kikombe kilipandwa. Mama alichagua mahali pa chini ya ukingo, karibu kabisa na nyumba, kitalu cha ukubwa wa mikeka mitatu. Akasimamishiwa dungu fupi kando yake. Mguu ulikuwa umepona. Agosti ilipofika aliniambia, "Mwaka huu hutakanyaga shambani. Ule wa kula tumemwachia shangazi yako aamie, huu ni wangu. Wewe kaa na vitabu."

Nilikaa na vitabu. Mwenzangu alikuwa amehamishiwa shule ya bweni Hola na likizo ile hakuja. Nilikuwa nimeweka meza karibu na dirisha, na kutwa nilimsikia mama akiamia ndege peke yake. Alikuwa hana jirani wa kujibizana naye, kwa hiyo alijijibu mwenyewe.

"We jirani! Ndege wako hao, hawana adabu!"

Kisha, kwa sauti nyembamba ya puani ambayo wazi ilikuwa ya mwenzangu: "Wamefundishwa kwenu!"

Akaimba ubeti, akaukosoa. Akatoa habari za sokoni, akajishangaa mwenyewe, "Aka! Usiniambie!" Mara moja moja aliigiza na ile yangu: "Si mniache nisome! Nikifeli mtasema nini?" halafu akacheka sana. Mimi nilikuwa natahayari ndani ya nyumba, na kucheka, na kusoma. Nilisoma vizuri zaidi kuliko mwaka ule wa dungu. Nilipozoea, sauti yake ikawa kama mvua ya juu ya mabati, husikii tena lakini unajua ipo.

Mtihani wa majaribio ulikuwa umekaribia, na mazoea yangu yakaanza kunirudia. Nikaacha kutoka. Nilikula mezani juu ya kitabu, nikalala mezani, na nywele nilizifunga kitambaa ili nisizione. Siku ya tatu ya hali hiyo, jua likiwa limeshaanza kuteremka, nilikuwa kwenye swali la mwisho la karatasi nzima nilipoinua uso bila kujua kwa nini.

Kulikuwa kimya.

Nikangoja ubeti ufuate. Haukufuata. Nikangoja jirani amjibu jirani. Nilisikia jogoo, nikasikia mtu akipasua kuni mbali. Kwenye kitalu, hakuna kitu. Kikombe kimoja, nikawaza, na hakikujaa. Wala sikufunga kitabu. Nilitoka mbio bila viatu, nikateremka ule ukingo nusu kwa miguu, nusu kwa makalio, na njia nzima nilikuwa nikimwita mama, si ndege.

Mama alikuwa amekaa juu ya dungu, mzima kabisa, kamba mkononi. Hakuwa akitazama mpunga. Alikuwa akitazama njia ya nyumbani, niliyokuja nayo.

"Makundi mawili," akasema. "Yamepita juu mawili ndipo umekuja. La tatu ningevuta mwenyewe."

"Mama! Ulinyamaza makusudi?"

"Siku tatu hujaona jua. Nikikuita utakasirika."

Akasogea, akapiga ubao kwa kiganja pale alipopaacha wazi. Mpunga wa bibi ulikuwa umeinama wote, mikeka mitatu yote. Nikapanda nikakaa, na nikalia, sina haja ya kuficha, nililia mpaka kamasi. Mama aliniacha. Penseli ilikuwa bado mkononi mwangu, nikaichomeka kwenye kitambaa cha kichwa.

Kundi la tatu likatokea upande wa matete, likiruka chinichini. Mama hakuvuta kamba. Alinitazama tu, akingoja.

Nikasimama. "We jirani!" nikapiga kelele, na sauti ikatoka mbovu, imepasuka katikati.

"Mh," mama akasema. "Hiyo imeoza. Rudia."

Nikarudia.